Nyama Isiyochinjwa, Sehemu ya Saba: Verlene Amla Ng'ombe Aliye Hai

Alikuwa ameshameza.

Najua, najua. Wiki nzima mmenisumbua. Wengine mliapa kwamba atatema. Wengine mlisema ataifutika kwenye leso kama mtoto aliyelazimishwa mchicha. Lakini nyinyi hamumjui Verlene Kubena. Mwanamke huyu hajatema nyama ya ng'ombe tangu aote meno, na Jumatatu ile, saa sita kasoro mchana, katika jiko la ukumbi wa parokia yetu ya Moravka, Texas, hakuona sababu ya kuanza.

"Mama, usimeze!" Regina, binti yake, alipiga kelele kutoka mlangoni.

Koo la Verlene likapanda, likashuka. Kwisha.

Kwa wewe uliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, kaa karibu nikuambie upesi. Ilikuwa siku ya tamasha la parokia, ambalo hapa kwetu haliahirishwi kwa mvua wala kwa msiba. Verlene, mjane wa miaka sitini na mmoja, mfugaji, ndiye mkuu wa jiko. Alifungua friji akakuta sanduku geni, ndani yake nyama ya kusaga iliyobanwa bapa, tayari kwa hambaga. Akakaanga moja aonje chumvi. Akatafuna. Akafumba macho. Kisha akasema, mashahidi wakisikia: "Huyu ni ng'ombe wa nani? Mwambieni mwakani alete zaidi."

Hapo ndipo Regina alipoingia.

"Mbona unanipigia kelele mbele ya watu?" Verlene alimuuliza. "Ina sumu?"

"Haina sumu."

"Imeoza?"

"Haijaoza. Mama, hilo sanduku ni langu. Limetoka kazini kwangu."

Vichwa vyote vikageuka. Hata mafuta kwenye kikaango niliona kama yamepunguza sauti.

Maana kila mtu Moravka anajua kazini kwa Regina ni wapi. Ni katika maabara moja kule Austin, ambako wanachukua chembe hai za mnyama, wanazilisha na kuziotesha ndani ya mapipa ya chuma mpaka ziwe nyama, na mnyama mwenyewe asichinjwe. Na kila mtu anajua pia kwamba mama yake, majira ya kuchipua yaliyopita, alivaa kofia yake ya Pasaka, akaenda mbele ya kamati ya bunge la jimbo, akasema sentensi ambayo runinga iliirudia wiki nzima: "Kitu ambacho hakijawahi kufukuza nzi kwa mkia si nyama."

Wabunge walicheka, wakapiga makofi, wakapitisha sheria. Nyama ya maabara marufuku kuuzwa Texas. Na sheria hiyo ilianza kufanya kazi lini? Siku hiyo hiyo. Jumatatu hiyo hiyo ya tamasha.

Georgie Masek akaweka mwiko chini. Huyu ndiye bibi wa saladi ya viazi, rafiki wa Verlene na mpinzani wake kwa miaka thelathini, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akiisubiri siku kama hii.

"Shoga," alisema kwa huruma ya uongo, "unajisikiaje? Mkia haujaanza kuwasha?"

"Georgie, nyamaza."

"Nauliza tu. Ukianza kung'aa gizani utuambie, parokia ipunguze matumizi ya umeme."

Verlene alinyakua chupa ya matango ya siki, akanywa maji yake yote bila kupumua.

"Hayasaidii, Mama," Regina alisema. "Imeshaingia."

"Nani aliiweka humu?"

"Emil. Nilimwomba aiweke kwenye friji ya nyumbani kwake, naona alichanganya. Nilitaka nikuletee jioni, nikueleze, tule wawili."

"Unilishe kwa siri!"

"Nikulishe kwa maelezo. Sheria yako inakataza kuuza. Haikatazi mtoto kumpa mama yake chakula."

Verlene alikitazama kikaango kana kwamba kimemtukana. Halafu akauliza swali ambalo, kama angelimeza pamoja na ile nyama, siku yake ingekuwa nyepesi.

"Na hizo chembe mnazitoa wapi?"

"Kwa ng'ombe. Kipande kidogo tu, kama punje ya harage."

"Ng'ombe gani?"

Regina akatazama sakafu. Verlene amelea mtoto mmoja tu maishani, lakini kumlea huko kulimtosha kujua maana ya kutazama sakafu.

"Regina Kubena. Ng'ombe gani?"

Mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa teke. Akaingia Emil Janda, amekumbatia mifuko miwili ya barafu, anapiga mluzi wa ngoma ya polka. Akaliona sanduku limefunguliwa. Akakiona kikaango. Akauona uso wa Verlene. Mluzi ukakatika.

"Malvina," akasema, kabla hajaulizwa.

Jina hilo, wasomaji wangu, si la kuchezea. Majira ya baridi ambayo Alfons, mume wa Verlene, aliumwa kwa mara ya mwisho, ndama mmoja alikataliwa na mama yake, akaletwa jikoni asife kwa baridi. Alfons, ambaye wakati huo hakuweza kushika kijiko chake mwenyewe, aliweza kushika chupa ya ndama. Alimnyonyesha wiki tatu. Alfons akafa mwezi wa pili. Ndama akaishi. Na Verlene, ambaye hupakia ng'ombe kwenye lori bila kupepesa jicho, hajawahi kumpakia Malvina.

"Nimemla Malvina," alinong'ona.

"Malvina yuko malishoni," Emil alisema haraka. "Nimempita sasa hivi. Anacheua."

"Ndiyo hiyo inayonitia wazimu, Emil! Nimemla, na anacheua!"

Akavua glavu za jikoni, akamshika Emil kwenye mkono wa shati, akamtoa nje na barafu yake. Regina akawafuata. Georgie naye akatoka, ila kwa mlango mwingine, mbio, kwa sababu habari kama ile ikilala jikoni inachacha. Jikoni hakubaki mtu.

Nyuma ya ukumbi, karibu na mashimo ya kuchomea soseji, moshi ulikuwa mzito kiasi cha kuficha ugomvi lakini si sauti.

Nimweleze Emil kidogo. Ni daktari wa mifugo mstaafu, mjane pia, mtu mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Kila Alhamisi huenda kwa Verlene kucheza dhumna. Kila Alhamisi huenda na jambo moja analotaka kusema, na kila Alhamisi hurudi nalo nyumbani. Jambo lenyewe Moravka nzima inalijua. Wawili hao tu ndio wanaojifanya hawalijui.

"Miaka miwili iliyopita," Emil alianza, "nilimpasua Malvina jipu begani. Regina alikuwa ameniomba kipande. Nikampa. Na wewe ulitia sahihi."

"Sahihi gani?"

"Karatasi ya ruhusa. Nilikuletea ukiwa unagombana na mtabiri wa hali ya hewa redioni. Hukuwa na miwani. Ulisema, 'Emil, wewe nakuamini, lete kalamu.'"

Verlene akajipapasa mfukoni, penye miwani. Alikumbuka. Alikumbuka hata kalamu.

"Nilikuamini," akasema.

"Ulisema hivyo."

"Alhamisi mia moja, Emil. Umekaa mezani kwangu Alhamisi mia moja, unakula kolachi zangu, vimkate vyangu vya aprikoti kavu, unalamba vidole. Na hukusema."

"Nilijaribu."

"Ulisema nini?"

Emil alifikiri. "Nilisema Malvina ana afya nzuri."

Verlene alikaribia kucheka. Nawaambieni kweli, kicheko kilifika kwenye meno. Ila alikuwa na hasira ya kutosha kukirudisha.

"Kuna lingine?" akauliza. "Sema yote leo. Mbwa wangu naye mmemfanya soseji?"

"Kuna lingine," Emil alijibu, barafu ikimchuruzika viatuni. "Lakini hilo si langu."

Akamtazama Regina.

Regina ana miaka thelathini na minne, lakini mbele ya mama yake siku ile alikuwa na kumi na miwili.

"Mama, nahama."

"Unahama Austin? Afadhali. Ile nyumba ina panya."

"Nahama Texas. Kampuni inafunga hapa. Hatuwezi kuuza tena, kwa hiyo wananipeleka Singapuri."

"Singapuri." Verlene alilitamka jina hilo kama mtu anayeonja kitu chenye mwiba. "Lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

"Hii. Ndege inaondoka saa nne asubuhi."

Muziki wa polka ulikuwa ukitoka upande wa pili wa ukumbi, watu wanacheka, mtu anaita watu kwenye mchezo wa kuvuta kamba. Verlene hakusikia chochote.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Juni."

"Juni! Miezi mitatu hukuniambia?"

"Ulikuwa kwenye runinga, Mama." Sauti ya Regina ilianza kukwaruza. "Watu walikuwa wanakusimamisha dukani. Ulikuwa na furaha. Tangu Baba afe sikuwahi kukuona na furaha ile. Nikasema ngoja, wiki moja zaidi. Halafu ikawa nyingine."

"Mimi nilikwenda kupambana na wale watu. Sikwenda kupambana na wewe."

"Wale watu ni mimi, Mama. Tuko kumi na mmoja. Kolachi unazonipa nikirudi mjini wanazila wao."

Kipaza sauti kikakoroma juu ya paa. "Bibi Verlene Kubena! Bibi Verlene Kubena aje jukwaani! Chama cha wafugaji kina ngao ya kumpa!"

Ngao. Ya kumshukuru kwa kuitetea nyama halisi.

Verlene akajifuta uso kwa aproni, upande wenye unga, akatoka mweupe kama mzuka. Regina akanyoosha mkono kumfuta. Mama akaurudisha ule mkono taratibu, ila akaushika sekunde mbili kabla hajauachia.

"Twende," alisema. "Watu wanangoja."

Sasa hebu fikirini. Watu mia nne chini ya paa la mabati. Georgie amezunguka meza zote, na kwa jinsi nyuso zilivyobana midomo, hakuna meza aliyoiruka. Akodiani ikanyamaza. Padri Stanislav, mzee wetu wa miaka sabini na tano, alisimama jukwaani ameikumbatia ngao.

Verlene alipokanyaga ngazi ya mwisho, mtu mmoja huko nyuma akalia: "Mooo!"

Kicheko kikapasuka.

"Nimekusikia," Verlene alisema kwenye maiki. "Dume langu linalia vizuri kuliko wewe, na halina ndevu."

Kicheko kikaongezeka, lakini sasa kilikuwa upande wake. Akapokea ngao. Akaisoma. Hakuna aliyejua anasoma nini kwa muda mrefu hivyo, kwa sababu maneno yenyewe yalikuwa sita.

"Mmeshasikia," akaanza. "Georgie ana miguu miepesi. Basi ni kweli. Nimeila ile nyama yao. Na kwa kuwa nimesimama karibu na padri, sitawadanganya. Ni tamu."

Mnong'ono ukapita mezani kama upepo kwenye mahindi.

"Kule Austin nilisema si nyama. Sikuwa nimeionja. Alfons angekuwepo angeniuliza, Verlene, tangu lini unatoa hukumu ya ng'ombe bila kumwona meno? Bado siipendi. Msinielewe vibaya. Siyapendi mapipa yao. Mimi napenda nyama iliyotembea, ikaniharibia uzio, ikanitia hasira. Lakini ng'ombe wangu sijawahi kuwaonea haya. Hawahitaji serikali iwalinde na binti yangu."

Akamtazama Regina, aliyesimama chini mbele ya jukwaa.

"Niliomba mlango ufungwe. Sikuangalia kwanza nani yuko ndani."

Akaiweka ile ngao mezani, kifudifudi. "Mpeni mwingine. Au nitumieni majira ya baridi, ni nzito, itafaa kukandamizia kabichi kwenye mtungi."

Kisha mtu mmoja akapiga makofi, peke yake, polepole. Alikuwa Georgie Masek, na macho yake yalikuwa mekundu, na mpaka leo anasema ilikuwa moshi wa soseji.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, tukanywa bia, tukaenda nyumbani. Lakini katika meza ya mbele kabisa alisimama Lambert Sulak, askari wa kaunti, mkubwa kama mlango wa ghala, mkononi ameshika nusu ya hambaga.

"Verlene," aliita, "hilo sanduku. Zilikuwemo ngapi?"

"Ishirini na nne," Regina alijibu kutoka chini ya jukwaa.

"Na sasa zimebaki ngapi?"

Regina akakimbilia jikoni. Akarudi akitembea. Sanduku alilishika wazi, juu chini, watu wote walione.

Tupu.

Mnaona ilivyokuwa? Wakati wale watatu wanafokeana kwenye moshi, dirisha la hambaga liliishiwa nyama. Mtu akaingia jikoni, akakuta sanduku liko wazi mezani, akalibeba. Hambaga ishirini na tatu za nyama ya maabara zikatoka dirishani, kila moja kwa tiketi, siku ya kwanza kabisa ya sheria ya kuzipiga marufuku, katika uwanja wa kanisa.

Watu mia nne wakatazama sahani zao. Wengi wakaacha kutafuna. Wachache, na sitawataja kwa sababu naishi nao, wakatafuna haraka zaidi.

"Hii yangu nilitoa tiketi," Lambert alisema kwa majonzi makubwa, akiitazama ile nusu. "Tiketi ni kuuziana. Singetaka kujua, Verlene, lakini umesema kwenye maiki. Na mwenye sanduku ni mfanyakazi wa kampuni yenyewe." Akamgeukia Regina. "Samahani sana, Regina. Tulisoma darasa moja. Lakini itabidi twende ofisini uandike maelezo, na usisafiri popote mpaka umwone jaji."

"Jaji anakaa lini?" Emil aliuliza.

"Jumatano ya wiki ijayo."

Jumatano ya wiki ijayo. Alhamisi ingekuwa imepita. Ndege ingekuwa imekwenda.

Nilikuwa karibu na jukwaa, na niliuona uso wa Verlene. Mlango ule ule alioomba ufungwe ulikuwa sasa unamfungia mtoto ndani, nyumbani, Texas. Hakuhitaji kufanya lolote. Kunyamaza tu. Chumba cha Regina cha juu kina kitanda kimetandikwa tangu Pasaka. Wiki moja ingezaa mwezi, mwezi ungezaa kazi nyingine hapa hapa kaunti, na Jumapili mezani wangekuwa wawili.

Alinyamaza kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Nilihesabu.

"Lambert, mwache," akasema. "Nimeuza mimi."

"Mama!"

"Nyamaza, wakubwa wanaongea. Nilijua ni nini. Nikaonja, nikaona inafaa, nikauza. Yeye hakujua lolote. Alhamisi ana safari."

"Lakini Verlene," Lambert alisema, "ulikuwa nyuma ya ukumbi unamfokea Emil. Kaunti nzima imekusikia."

"Naweza kufoka na kuuza kwa wakati mmoja. Mimi nimelelewa shambani."

Lambert akapumua kwa nguvu. Akamalizia hambaga yake, kwa kuwa ushahidi mwingine ulikuwa umejaa mezani, akajifuta vidole, akaanza kupanda ngazi huku akizitoa pingu kiunoni. Verlene akanyoosha mikono yote miwili, kidevu juu. Emil alikuwa ameshaanza kulisukuma kundi la watu ili afike mbele, na kwa mara ya kwanza katika Alhamisi mia moja alionekana kama mtu atakayesema jambo hata kama ni Jumatatu. Regina alikuwa analia, na katikati ya kilio akacheka, na kicheko kikamzidisha kilio.

Ndipo padri akakohoa.

Padri Stanislav alikuwa bado amesimama bega kwa bega na Verlene. Mkono wa kanzu yake ulikuwa na doa la mchuzi wa nyanya, bichi kabisa. Akainama kumnong'oneza Verlene sikioni, kama anavyomnong'oneza kwenye kitubio kila mwisho wa mwezi. Mzee wa watu akasahau kitu kimoja tu. Maiki ilikuwa wazi.

"Verlene, mwanangu," sauti yake ikatoka katika spika zote nne, ikafika mpaka kwenye maegesho ya magari, "huo ni uongo, tena mbele ya watu. Dirishani nilikuwa mimi."

Lambert Sulak aliganda kwenye ngazi ya juu, pingu zikining'inia, akimtazama mtu aliyembatiza.

Na padri, bila haraka, akaanza kukunja mikono ya kanzu, pingu zipate nafasi.